Mgonjwa asiyeweza kusema: Nani ana haki ya kumkatalia tiba?

Katika darsa ninazosomesha lipo swali moja ambalo hunirudia kila baada ya muda. Mara nyingi muulizaji husubiri watu watawanyike ndipo anisogelee pembeni. Swali lenyewe ni hili: Mgonjwa wetu ana virusi vya UKIMWI. Sasa ugonjwa umepanda kichwani, hajitambui, na madaktari wanataka kumtoa maji ya mgongo, au wanataka kumtoboa fuvu. Je, sisi ndugu zake tukikataa, tukamchukua nyumbani akafia kwenye kitanda chake, tutakuwa na dhambi?

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na haya ya kitabibu nitakayoyataja nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye ujuzi, kama Qur’an ilivyotuelekeza tufanye pale tusipojua. Ninachokusudia hapa ni kulitazama swali hili kwa upande wa haki. Mgonjwa hawezi kusema ndiyo wala hapana. Basi ile “hapana” inayosemwa na ndugu zake ni ya nani?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana huvamiwa na vimelea ambavyo kwa mtu mwenye afya havifui dafu. Yupo fangasi aitwaye kriptokokasi, ambaye hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi, na kwa walio wengi hana madhara. Lakini kwa mwenye VVU ambaye seli zake za CD4 zimeshuka chini ya 100, fangasi huyu anaweza kusafiri hadi kwenye utando unaofunika ubongo. Akishafika huko huzuia maji ya ubongo yasinyonywe kama kawaida. Presha ndani ya fuvu hupanda, kichwa huuma kupita kiasi, mgonjwa huanza kuona kitu kimoja kama viwili, na mwisho hupoteza fahamu. Asipotibiwa, karibu kila anayepatwa na ugonjwa huu hufa.

Wapo wengine pia. Kimelea cha toksoplasma huweka uvimbe ndani ya ubongo. Kifua kikuu kikifika kichwani huweza kuziba njia za maji ya ubongo, maji yakajaa na kuubana. Bakteria nao huweza kujenga jipu la usaha humo humo ndani.

Tiba zake hazifanani, na si zote zinazohitaji kisu. Kwa fangasi niliyemtaja, mgonjwa hupewa dawa, na pamoja na dawa hutolewa maji kwa sindano mgongoni, pengine kila siku, mpaka presha ishuke. Toksoplasma huanza kutibiwa kwa dawa tu. Isipoonekana nafuu baada ya siku kumi hadi wiki mbili, ndipo hufikiriwa kuchukua kinyama cha ubongo kikapimwe. Jipu hutobolewa tundu dogo kwenye fuvu, usaha ukavutwa na kupelekwa maabara ili ijulikane dawa gani inauweza. Na maji yaliyozibwa na kifua kikuu huweza kuhitaji mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili yapate pa kutokea.

Asije mtu akadhani kuwa kukigusa kichwa cha mgonjwa ni mambo ya wazungu yaliyoletwa juzi. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki takriban miaka 1,000 iliyopita, aliandika juu ya kuwatoa maji watoto wenye vichwa vikubwa, na katika kitabu chake hicho alichora vyombo vya upasuaji. Waislamu wa zama hizo hawakuuona upasuaji kuwa ni upungufu wa imani.

Sasa tuzitazame sababu za wanaokataa. Kwa niliyoyasikia, ni tatu.

Sababu ya kwanza ni hofu. “Sindano ya mgongo inaua, na asiyekufa hupooza.” Kauli hii imeenea mitaani kuliko maelezo ya madaktari. Ukweli ni kuwa kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia sehemu ya juu ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo, mahali ambapo kuna maji na nyuzi za fahamu zinazoelea ndani yake. Hatari ipo, na daktari mwadilifu haifichi. Ikiwa ndani ya ubongo kuna uvimbe mkubwa au jipu, kutoa maji mgongoni kwaweza kuusukuma ubongo ukahama mahali pake. Ndiyo maana mgonjwa aliyepooza upande mmoja au anayepata degedege hutakiwa apigwe picha ya CT kwanza kama kipimo kipo.

Basi mbona watu wanasema fulani alichomwa akafa? Tuwe wakweli. Wengi huchomwa wakiwa wamechelewa. Familia hukataa siku ya kwanza, ikakataa ya pili, siku ya tano mgonjwa anakoroma ndipo inakubali. Akifa jioni, lawama inakwenda kwa sindano, na zile siku nne hazihesabiwi. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 248 wa fangasi huyu nchini Uganda na Afrika Kusini. Wagonjwa 75 miongoni mwao walitolewa maji kwa ajili ya kupunguza presha angalau mara moja, na katika siku 11 za mwanzo walikufa 5, sawa na asilimia 7. Kati ya 173 ambao hawakutolewa maji kwa ajili hiyo, walikufa 31, sawa na asilimia 18. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo hatuwezi kusema huo ndio ushahidi wa mwisho. Lakini hakuna mwenye akili atakayeziangalia tarakimu hizo kisha akasema sindano ndiyo iliyoua.

Sababu ya pili huvaa kanzu ya dini. “Tumwachie Mwenyezi Mungu. Kama ni kupona atapona.” Na wengine huongeza kuwa anayeropoka na kurusha mikono ana majini, hivyo anahitaji kisomo na si hospitali. Kisomo ni haki, wala hakuna anayekataza mgonjwa asomewe akiwa wodini. Ila Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah nyingine. Dawa nayo imo ndani ya kadari, na sindano pia imo.

Hata hivyo hapa kuna hoja yenye nguvu ambayo lazima tuijibu kwa insafu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa mwanamke mmoja mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) akamtaka amuombee dua. Mtume (s.a.w.) akampa hiari: asubiri naye apate Pepo, au amuombee apone. Yule mama akachagua kusubiri. Kutokana na hadithi hii na nyinginezo, wanazuoni wengi wamesema kuwa kujitibu si wajibu kwa kila hali. Ni jambo linaloruhusiwa au linalopendekezwa, ingawa wapo waliolifanya kuwa wajibu pale manufaa yake yanapokuwa ya wazi. Basi muulizaji husema: Mwalimu, kama kuacha tiba inajuzu, tatizo liko wapi?

Ndugu msomaji, tatizo liko hapa. Yule mama ndiye aliyeugua, ndiye aliyeulizwa, na ndiye aliyejibu. Hakuulizwa kaka yake wala hakuitwa baba yake mdogo. Aliichagua subira akiwa na akili zake timamu, akijua anachokiacha na anachokipata. Subira ni ibada ya moyo, na haina uwakilishi. Mtu anaweza kukutolea zaka kwa uwakala, na akakuhijia kwa masharti yake. Lakini hakuna awezaye kukusubiria maumivu. Kaka anayesema “tumeamua kusubiri” huku mwenye kichwa kinachopasuka ni mdogo wake, huyo hakusubiri chochote. Amemsubirisha mwenziwe, tena pasipo ridhaa yake.

Hivyo basi, ruhusa ya kuacha tiba, kwa wale wanaoikubali, ni mali ya mgonjwa mwenyewe. Ndugu wa asiyejitambua hakuirithi. Yeye amekabidhiwa amana tu, na mwenye amana hafanyi apendavyo, hufanya lile lenye maslahi kwa mwenye mali. Ikiwa walii wa yatima haruhusiwi kuitoa sadaka mali ya yatima, hata kama sadaka ni jambo jema, vipi walii wa mgonjwa aitoe sadaka rohi yake?

Jambo hili si rai yangu peke yangu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, lilitoa azimio juu ya tiba. Kwa ufupi, lilisema kuwa tiba huwa wajibu ikiwa kuiacha kutaangamiza nafsi au kiungo cha mtu. Likasema kuwa idhini ni ya mgonjwa mwenye akili timamu, na akiwa hana uwezo huo ni ya walii wake. Lakini walii akikataa kwa namna ambayo madhara yake kwa mgonjwa ni ya wazi, kukataa kwake hakuzingatiwi, na haki hiyo huhamia kwa walii mwingine, kisha kwa mamlaka. Na katika hali ya dharura ambapo maisha yako hatarini, tiba haisubiri idhini.

Sababu ya tatu haisemwi hadharani, ila ndiyo iliyo nyuma ya nyingi nilizozisikia. “Alijitakia. Kwa nini tuuze kiwanja kwa ajili ya mtu aliyeyatafuta mwenyewe?” Kwanza, hiyo ni dhana. VVU vinamfikia mtoto tumboni, vinamfikia mke aliyetulia nyumbani kwake, na vimewafikia watu kwa njia ya damu. Pili, hata tukichukulia kuwa dhana hiyo ni kweli, haimpunguzii mgonjwa haki yake hata chembe. Muslim amepokea habari ya mwanamke wa kabila la Juhaina aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akakiri zinaa naye ana mimba. Mtume (s.a.w.) alimwita walii wake akamuamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Tazama jambo hilo vizuri. Dhambi ilikuwa imekiriwa kwa kinywa, si ya kudhaniwa, na bado walii aliamrishwa wema. Sisi tunaotuhumu tu tumepata wapi idhini ya kutelekeza?

Na kuhusu fedha, sitaki kuwalaumu maskini. Zipo familia ambazo hakika hazina kitu, na hao ni jukumu letu sote, na zaka ina fungu lao. Ninaowasema ni wale ambao kwa picha ya CT hawana hata nauli ya kwenda kuulizia bei, lakini mgonjwa akifa hupatikana mabasi mawili, magunia ya mchele na ng’ombe wa hitma. Fedha zilikuwepo, bali zilikuwa zikimngoja akiwa maiti.

Baada ya kusema hayo, haki inanitaka niuseme na upande wa pili, kwani si kila upasuaji ni rehema. Mwaka 2000 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walitoa matokeo ya wagonjwa 30 wa kifua kikuu cha ubongo waliojaa maji kichwani, wote wakiwa wamewekewa ule mpira. Nusu yao walikuwa na VVU na nusu hawana. Kati ya 15 wasio na VVU walikufa 4. Kati ya 15 wenye VVU walikufa 10, na baada ya mwezi mmoja hapakuwa na hata mmoja kati ya waliosalia aliyepona vizuri. Daktari aliyewaona wagonjwa wale, kisha akasita kumpasua mwingine kama wao, tutamwita mkatili? Hapana. Wenyewe walishauri njia ya katikati: maji yatolewe kwanza kwa muda, na mgonjwa akionesha kuzinduka, ndipo awekewe mpira wa kudumu.

Isitoshe, wakati mwingine kungoja ndiko tiba. Utafiti mwingine uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2014, ulionesha kuwa wenye ugonjwa wa fangasi wa ubongo waliokuwa hawajaanza dawa za ARV, wakianzishiwa ndani ya wiki moja au mbili, walikufa asilimia 45 katika wiki 26, ilhali walioanzishiwa baada ya kama wiki tano walikufa asilimia 30. Lakini huko ni kungoja kwa elimu, huku fangasi akitibiwa kila siku. Hakufanani na kungoja kwa woga nyumbani kwa shangazi.

Tena lile azimio la Jeddah lina maneno ya hekima katika hili. Lilisema kuwa hali ya kukata tamaa hupimwa kwa makadirio ya madaktari, kwa uwezo wa tiba uliopo katika zama na mahali husika, na kwa hali ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo “huyu hana matumaini” ni kauli yenye tarehe. Wagonjwa wa Durban waliugua kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa katika hospitali za umma nchini mwao. Leo dawa hizo zinatolewa bure hapa kwetu. Na mwaka 2022 ulitolewa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 800 wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulioonesha kuwa dozi moja kubwa ya dawa ya amfoterisini iliyoboreshwa, ikifuatiwa na vidonge, haikuwa dhaifu kuliko sindano za siku saba. Katika wiki kumi walikufa takriban robo ya wagonjwa, na robo tatu walikuwa hai. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza tiba hiyo. Anayehukumu mgonjwa wa leo kwa mazishi aliyoyaona miaka ishirini iliyopita anahukumu kwa ushahidi uliopitwa na wakati.

Niliwahi kuitwa katika kikao cha familia moja kuhusu fundi cherehani wa makamo aliyekuwa amelazwa na homa hii ya fangasi. Kaka zake watatu walikataa asichomwe mgongo. Wakataka niwaunge mkono kwa aya. Kabla sijasema neno, mkewe aliyekuwa kakaa mlangoni akauliza: “Shemeji zangu, tangu mume wangu apimwe hajakosa kliniki hata siku moja. Mtu anayekwenda kufuata dawa kwa miguu yake mwenyewe ametaka kupona au ametaka kufa?” Sikuwa na cha kuongeza. Ule ndio ulikuwa ushahidi wa matakwa ya mgonjwa, na aliyekuwa nao ni yule aliyelala naye chumba kimoja.

Walikubali. Akatolewa maji siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu aliwatambua watu. Akawataja wateja waliokuwa wamempa vitambaa, akamtaja na mtu anayemdai na kiasi anachomdai, akamuusia mkewe kuhusu watoto. Aliishi wiki tatu, kisha akafariki. Kaka mkubwa baadaye aliniambia, “Unaona mwalimu, tulimtesa bure.”

Je, ilikuwa bure? Muumini tunaambiwa kuwa nafsi yake inaning’inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Yule bwana alirudishiwa akili zake akazikomboa amana za watu kwa ulimi wake mwenyewe, na maumivu ya kichwa yakampungua akaweza kusali kwa ishara. Uamuzi wa walii haupimwi kwa mgonjwa kufa au kuishi, kwa sababu hilo halimo mikononi mwake. Hupimwa kwa kama alitafuta maslahi ya mgonjwa kwa elimu iliyokuwepo siku ile.

Basi namjibu muulizaji wangu hivi. Usikimbilie kukataa na usikubali kwa upofu. Muulize daktari: Ni ugonjwa gani mnaoutibu? Mkifanya hivi, mategemeo ni yapi, na msipofanya ni yapi? Ipo njia ndogo ya kujaribu kwanza? Akikwambia kuna faida ya wazi, huna haki ya kukataa kwa niaba ya asiyejitambua. Akikwambia kwa uaminifu kuwa hakuna faida bali ni kumuongezea mateso, basi kuacha hakuna lawama, na kinachobaki ni kumpunguzia maumivu, kumsafisha na kumtamkia shahada.

Na bora zaidi ni kutofika huko. Utafiti uliofanyika Tanzania na Zambia, uliotolewa mwaka 2015, ulionesha kuwa wenye VVU waliofika kliniki wakiwa wamedhoofika sana, wakipimwa damu mapema kumtafuta fangasi huyu na kutembelewa majumbani mwanzoni mwa dawa, vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kipimo cha damu na hodi mlangoni vilifanya kazi ambayo baadaye ingehitaji sindano ya mgongo.

Aidha, kila mmoja wetu aseme mapema, akiwa mzima, angependa atendewe nini siku akili itakapomtoka, na amwambie mtu anayemuamini. Sunna imetuhimiza tusilale usiku mbili ilhali tuna cha kuusia na hatujakiandika. Tumezoea kuandika mashamba na nyumba. Mwili wako nao una haki ya kutajwa katika karatasi hiyo, ili siku ndugu watakapokaa kikao, kauli iwe yako.

Wallahu a’lam.